Wiki ya Msingi: Faida ya Kukimbia Polepole

Msikilizaji, anayejiandaa kwa mbio kama Comrades ya Afrika Kusini, takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, anapaswa kukimbia sehemu kubwa ya wiki zake za mwanzo kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza bila kuhema. Sababu imo mwilini. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hautoshi kwa safari ya saa nane au kumi, ila mafuta yapo tele hata kwa mtu mwembamba. Na ni mazoezi mepesi ya muda mrefu, yakirudiwa siku baada ya siku, yanayouzoesha mwili kutumia mafuta hayo. Kano nazo huimarika taratibu kuliko pumzi, ndiyo maana wengi huumia pale pale wanapojiona wako fiti.

Wapo watakaouliza: kasi itatoka wapi? Swali hilo ni la haki. Mtafiti Stephen Seiler, alipochunguza mazoezi ya wanamichezo bora wa ustahimilivu, alikuta takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Kazi ngumu ipo, lakini ni kidogo. Hivyo wiki yaweza kuwa na siku nne nyepesi, moja ya vilima, moja ndefu ya saa mbili hadi tatu, na moja ya kupumzika kabisa, narudia, kabisa. Asiye na muda huo kwa sababu ya kazi apunguze dakika, asiongeze kasi ili kufidia. Na mkimbiaji yeyote asione haya kutembea kwenye mlima mkali, kwani siku ya mashindano huenda akalazimika kuutembea.