"ITALIPWA" AU "YAWEZA KULIPWA"?
Neno Moja Katika Mkataba wa Shamba



Hapa Masumbwe, kama kwingineko katika ukanda wa dhahabu, shamba la mihogo laweza kugeuka machimbo kwa msimu mmoja. Ndipo huletwa karatasi ya kutia sahihi, pengine kwa Kiingereza. Mkulima huambiwa, "Fidia imeandikwa humu." Huenda ni kweli. Lakini haki yake haikai katika neno "fidia"; hukaa katika kitenzi kinachofuata.

Katika vifungu vya namna hii, kauli ya kutendwa ya Kiingereza huwa na mafungu matatu: kitenzi kisaidizi, kisha "be", kisha kitenzi kikuu, kama "paid". Uzito wote umo katika fungu la kwanza:

1. "Shall be paid" au "must be paid": ni lazima ilipwe.
2. "Should be paid": yafaa ilipwe. Huo ni ushauri zaidi kuliko amri.
3. "May be paid": yaweza kulipwa, na yaweza isilipwe.
4. "Need not be paid": si lazima ilipwe. Tusiichanganye na "must not be paid", yaani ni marufuku kulipwa.

Haya si mambo ya darasani tu. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya mwaka 1996, kifungu cha 53, yaeleza kwamba katika sheria za nchi "may" humpa mwenye mamlaka hiari, na "shall" humtwika wajibu.

Uko mtego wa pili. Kauli ya kutendwa yaweza kumficha mtenda. "Fidia italipwa": na nani? Lini? Asipotajwa mlipaji, mkulima atamdai nani? Kiingereza humtaja kwa neno "by". Kiswahili kwa neno "na". Basi tudai sentensi iliyo kamili: "Fidia ni lazima ilipwe na mwenye leseni katika siku 30." Hapo wajibu upo, mlipaji yupo, na siku zahesabika.

Sheria za Ardhi za mwaka 1999 ziliweka msingi kwamba anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Tena, tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa hiyo hakuna aibu kusema, "Nisomeeni kwa Kiswahili kwanza." Aliye na haraka ya sahihi yako na asubiri.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Katika mikataba tunayoijua, ni nani ametajwa kuwa mlipaji?
2. Nani kati yetu aweza kuwasomea wajane na wazee karatasi zao kabla hawajatia dole gumba?
3. Je, mihtasari ya mikutano yetu ya kijiji nayo humtaja mtenda, au husema tu "itashughulikiwa"?