Bustani ya Nyuki Tusiitie Sumu

(Maneno ya Mratibu wa Miradi katika kikao cha kamati za sharika na wafadhili)



Baadhi ya kamati zimeleta ombi ofisini kwetu kwamba fedha za mradi wa nyuki zinunue pia bomba la kupulizia dawa, kwa sababu maua yaliyopandwa karibu na mizinga yameota unga mweupe kwenye majani. Tunaomba tulitazame ombi hilo kabla ya kupitisha bajeti.

Unga huo ni ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga. Husambazwa na upepo, na hauhitaji majani yalowe. Hewa yenye unyevu, kivuli na msongamano vinautosha. Jani likifunikwa halitengenezi chakula vizuri, mmea hudhoofika, maua hupungua, na nyuki hukosa riziki.

Dawa ni njia ya haraka. Lakini baadhi ya dawa za ukungu, zikichanganyika na baadhi ya dawa za wadudu, huzidisha makali ya sumu kwa nyuki. Tutakuwa tumewakaribisha wageni mezani na kuwatilia sumu chakulani. Watakaoumia si nyuki peke yao, kwani maboga, matikiti na maparachichi mashambani mwetu hutegemea wadudu ili yazae.

Wenzetu wa Marekani wamepambana na jambo hili. Floksi, ua lao la asili linalodumu miaka mingi, hupendwa na vipepeo lakini hushambuliwa sana na ubwiri unga. Kuanzia 2015 hadi 2017, bustani ya Mt. Cuba Center katika jimbo la Delaware ilipanda aina nyingi za floksi na kuzilinganisha. Aina iitwayo 'Jeana', iliyopatikana ikijiotea kando ya mto Harpeth karibu na Nashville, ilistahimili ugonjwa vizuri, na ndiyo iliyotembelewa na vipepeo wengi kuliko zote. Tena maua yake ni madogo madogo. Anayechagua kwa kuangalia ukubwa wa ua angeipita.

Hatusemi tuagize floksi. Hiyo ni ya kwao. Tunachukua utaratibu wao:

1. Chagueni maua ya asili ya mahali penu, yanayodumu na kuendewa na nyuki, kama kivumbasi, mshubiri na mengine wanayoyafahamu wazee.

2. Msimu wa baridi na unyevu, kagueni majani. Mmea uliobaki safi katikati ya wagonjwa uwekeeni alama.

3. Chukueni vipandikizi kutoka mmea huo. Kipandikizi hufuata tabia ya mama yake. Mbegu yaweza kubadilika.

4. Pandeni penye jua, mkiacha nafasi ya hewa kupita.

5. Andikeni matokeo kwenye daftari la mradi, maana mmea ulio safi mwaka huu lazima upimwe tena mwakani.

Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba fedha za bomba ziende kwenye vitalu vya sharika. Kazi hii itachukua misimu kadhaa, na wafadhili wetu tunawaomba uvumilivu. Lakini kitalu kikisimama, usharika mmoja utaugawia mwingine miche, wakati chupa ya dawa ikiisha hununuliwa nyingine.

Sasa tunakaribisha maswali na maoni yenu.