Makala, Pumzi na Mazuku



Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho kila mama hukishika apikapo.

Makala ni nini? Ni karibu kaboni tupu. Nayo kaboni ilitoka wapi? Haikutoka udongoni, kama wengi wanavyodhani, bali hewani. Jani hupokea hewa ya kaboni, na kwa mwanga wa jua na maji ya mizizi hujenga mwili wa mti. Sisi tulapo maharagwe na muhogo twala kaboni ile ile, na tupumuapo twairudisha hewani. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira nazo huitoa tumboni mwa nchi.

Je, hewa hiyo ni njema au mbaya? Kwa kipimo chake ni njema, kwa maana bila hiyo hapana jani wala chakula. Lakini ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Kandokando ya Goma na Sake hutoka katika nyufa za ardhi na kutuama mashimoni, hasa usiku pasipo upepo. Hiyo ndiyo mazuku. Si uchawi, wala si mizimu. Mtoto aingiaye humo huanguka, na amfuataye upesi bila kufikiri huanguka naye. Basi msilaze watoto wala mbuzi mahali pa namna hiyo.

Kipimo cha dunia nzima nacho kimevunjwa. Kabla ya viwanda, katika sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 zilikuwa hewa ya kaboni. Leo zimepita 420, na joto limeongezeka. Mti uliokusanya kaboni miaka mingi huirudisha yote kwa moto wa siku chache. Msitu wa Virunga, uliowekwa kuwa hifadhi mwaka 1925, umekatwa sana kwa ajili ya makala ya Goma.

Hatumlaumu mama apikaye; watoto hawali maharagwe mabichi. Lakini apandaye mikaratusi shambani mwake, akakata mmoja na kupanda mwingine, hurudisha alichotwaa. Kazi iitwayo EcoMakala, iliyoanza mwaka 2007, imewasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kufanya hivyo.

Jioni ya leo, kabla ya kuwasha moto, ulizaneni nyumbani: mti wa makala haya uliota wapi, na ni nani aliyepanda mwingine mahali pake?