Mgonjwa Akiuliza Usiku, Nani Amjibu?

(Hotuba iliyosomwa kwa wanachama, Wasini)



Tumeombwa kusema machache juu ya kumuuguza mtu ambaye dawa za kumponya zimekwisha. Hata ninyi msio wauguzi yawahusu, maana kitanda kile hakichagui kazi ya mtu.

Twaanza na jambo lililotupata. Mzee mmoja mvuvi wa hapa Wasini alilazwa katika hospitali moja ya bara kwa kansa ya ini. Wanawe waliambiwa na daktari, yeye hakuambiwa. Wakatuita kando: "Sista, twakuomba, baba asijue. Akijua atakata tamaa." Tukaitikia, kwa kuwa wao ndio wenye mgonjwa, na kwa kuwa kutaja ugonjwa ni kazi ya daktari. Lakini daktari hupita asubuhi akaenda zake. Usiku tuko sisi.

Saa nane za usiku mzee akatushika mkono. "Mwanangu, nambie kweli. Nina deni la mtu Shimoni, na ile mashua ni shirika na ndugu yangu. Narudi au sirudi?"

Tukamwambia, "Utapona, inshallah." Tukamgeuza ubavu, tukamtia maji mdomoni. Siku ya tatu akafa. Hakuwa amemtajia mtu ni nani anayemdai, wala fungu lake katika mashua. Mpaka leo wanawe na ami yao hawaamkiani.

Wale wana hatuwalaumu. Lakini dini ya mzee yule yamwachia mtu thuluthi ya mali yake kuusia, na deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Asiyejua kuwa safari imefika atausia lini? Neno letu la upole lilimnyang'anya haki yake.

Na sheria ipo. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 yasema mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoifahamu, ila pakiwa na ushahidi mzito kwamba khabari hiyo itamdhuru. Yampa pia haki ya kukataa matibabu. Hofu ya mwana mkubwa peke yake si ushahidi mzito.

Hatusemi mtu apigwe na khabari kama jiwe. Kwanza aulizwe, "Mzee, wewe mwenyewe waionaje hali yako?" Wako wasiotaka kujua, na hiyo nayo ni haki yao. Huyu wetu aliuliza.

Liko na jambo la maumivu. Wengi wa kisiwa hiki hutaka kufia nyumbani. Lakini chupa ya morfini ikiisha, ni mtu kuvuka mpaka Shimoni, kisha gari hadi Msambweni, na huku mgonjwa analia. Wengine hunong'ona kwamba morfini ndiyo inayoua. Dawa iliyopimwa sawasawa hutuliza, haiui. Katika Uganda, tangu 2004, sheria humruhusu muuguzi aliyefunzwa kazi hii kuiandika mwenyewe. Twataka na sisi tufunzwe, turuhusiwe.

Twataka pia daktari amwambie mgonjwa mbele ya muuguzi, na faili ionyeshe ameambiwa nini, ili wa zamu ya usiku asibahatishe.

Barua ya madai haya iko kwa katibu. Mwenye kutia sahihi apite kabla mashua ya saa kumi haijaondoka.