Mwezi Mwekundu Upande wa Bahari

Taa za kaskazini, yale mapazia ya kijani yanayong'aa angani Norway, hazionekani Dar es Salaam: jiji liko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta.

Lakini pwani hii ina maajabu yake. Septemba 7, 2025, kivuli cha dunia kiliufunika mwezi mzima, ukawa mwekundu, kuanzia saa 2:30 usiku, kwa dakika 82. Kwa watu wa Kunduchi na Mbweni, Kinondoni, mwezi ulikuwa upande wa bahari, mbali na maghorofa.

Pazuri zaidi pa kuutazama ni Kimbiji, katika wilaya ya Kigamboni iliyomegwa kutoka Temeke. Huko taa za mjini hubaki nyuma.

Kupatwa kamili kwa mwezi kutaonekana tena Desemba 31, 2028, jioni. Inafaa shule zianze kuwaandaa watoto mapema.