Jua Kali na Dawa ya Kunyunyizia Mimea

Baadhi ya dawa za kuua wadudu shambani huvuruga ujumbe unaotoka kwenye mishipa ya fahamu kwenda kwenye misuli. Misuli hutetemeka, kisha hulegea, hata ile ya kupumua. Jua likiwa kali, ngozi yenye joto na jasho hufyonza sumu upesi zaidi. Nyunyizeni asubuhi mapema, watoto wakiwa mbali. Baba akitoka shambani, asimbebe mtoto kabla ya kuoga. Mtoto akitokwa na mate mengi, mboni zikawa ndogo, misuli ikachezacheza, vaa glavu, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe. Mkimbize hospitalini, ukibeba chupa ya dawa. Usingoje kesho.