Koki ya Hita: Maneno Tuliyowaambia Madereva na Mataniboi, Sachangwan



Wengi wetu tukisikia neno hita twafikiri ni anasa ya wakubwa katika motokaa zao ndogo. Hapa Sachangwan sivyo. Alfajiri ukungu umelala barabarani, na pumzi za watu wawili zatosha kufunika kioo cha mbele kwa ndani. Dereva anayefuta kioo kwa kitambaa huku akiteremka kuelekea Salgaa anashika usukani kwa mkono mmoja. Mteremko huu umetuulia watu wengi, nanyi mwajua.

Hita haina moto wake yenyewe. Maji ya moto hutoka katika injini, hupita katika mpira, huingia katika rejeta ndogo iliyo chini ya dashibodi, kisha hurudi. Feni hupuliza hewa katika rejeta hiyo. Koki huwa katika mpira mmoja, na mara nyingi hufunguliwa kwa waya utokao dashibodi. Magari mengine hayana koki, hutumia kibati cha kugeuza hewa, tazameni kwanza.

Koki ikikwama imefungwa, kioo hakikauki. Ikikwama wazi, utaokwa ukifika Naivasha. Lakini mbaya zaidi ni koki inayovuja. Mfuniko wa rejeta kubwa huyabana maji yasichemke upesi. Pakivuja, hayabanwi tena, na kwenye mita 2,500 juu ya bahari maji yasiyobanwa huchemka kwa digrii 92 hivi, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana lori lililotoka Nakuru vizuri huchemka katikati ya mlima na mzigo wake, kisha alaumiwe dereva.

Jinsi ya kupima: injini ikiwa ya moto, fungua hita, guse mipira miwili kwa uangalifu. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, maji hayapiti: ama koki imekwama, ama waya umekatika, ama rejeta ndogo imeziba. Taniboi avute waya nawe utazame kama mkono wa koki unasogea.

Kubadilisha kwataka injini iliyopoa kabisa. Maji yakingwe katika karai safi. Yenye dawa ya rejeta ni sumu, na mbwa huyapenda kwa utamu wake. Legeza klipu, zungusha mpira polepole. Usiuvute kwa nguvu, maana utavunja paipu ya rejeta ndogo, na hiyo ni kazi ya kung'oa dashibodi nzima. Ukigoma, ukate kwa kisu. Mpira ni rahisi kuununua. Mshale ulio juu ya koki mpya uelekee maji yaendako. Jaza maji, washa injini hita ikiwa wazi mpaka hewa itoke, zima, ngoja ipoe, ongeza.

Mmoja wetu aliwahi kuambiwa na tajiri wake aunganishe mipira miwili kwa kipande cha paipu, aiache koki. Yafaa kukufikisha gereji tu. Yeye aliendeshwa hivyo miezi minne, kioo kimefunikwa kila asubuhi. Ukiamriwa vivyo hivyo, andika ubovu huo katika kitabu cha gari, tarehe na saa, kabla ya kuondoka, na nakala umpe katibu wa tawi siku hiyo hiyo.